Kishikwambi cha 2016 na miezi mitatu ya ziwa kufungwa

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi tarehe 15 Mei 2024, sisi tunaokula kwa dagaa hapa Kigoma tulijua tumepewa miezi mitatu ya kukaa. Mitumbwi ilivutwa nchi kavu. Chanja za kuanikia zikabaki tupu, na mwalo wa Katonga, ambao alfajiri huwa hauna pa kukanyaga, ukawa uwanja wa watoto kuchezea mpira. Stoo nilikuwa na magunia machache ya mzigo mkavu, ada ya mtoto ilikuwa inadaiwa, na mezani nilikuwa na kishikwambi kilichochukua dakika nne kuwaka na nyingine mbili kufungua daftari la madeni.

Dakika mbili ukiwa umekaa sebuleni si kitu. Mwaloni ni nyingi sana. Wiki chache kabla ya ziwa kufungwa, mnunuzi wangu wa siku nyingi kutoka ng'ambo, Kalemie, alisimama mbele yangu boti likiwa limeshapakia. "Mama, deni yangu iko ngapi?" akaniuliza kwa Kiswahili chao cha Kongo. Nikabonyeza. Kioo kikawa cheupe. Nikabonyeza tena, nikaletewa ujumbe kwamba programu haijibu. Injini ya boti ikawashwa, nikamtajia kiasi kutoka kichwani, akalipa, akaondoka. Usiku nilipofanikiwa kufungua daftari nikakuta nimejipunja shilingi 60,000. Yule baba ni mwaminifu. Aliporudi nikamwonyesha, akanimalizia. Lakini nililala nikihesabu wangapi wameshapita mbele yangu kwa namna hiyo na sikugundua.

Kifaa chenyewe ni cha mwaka 2016: kioo cha inchi 10, RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ya gigabaiti 2, na hifadhi ya ndani gigabaiti 16. Mdogo wangu alininunulia Kariakoo mwaka 2017 akakituma kwa treni. Kilikuja na Android 6, kikapandishwa hadi 8.1, kikaishia hapo. Enzi zile tulikiita tableti tu. Neno kishikwambi tulilizoea kwenye Sensa ya Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wamevishika mkononi, na vilipokwenda kwa walimu baadaye hakuna aliyeuliza tena maana yake.

Fundi wangu wa simu pale Mwanga alishanishauri, tena kwa heshima: "Mama, hiki kimefanya kazi yake. Kipumzishe, ununue kingine." Sikuwa na pesa ya kingine, na kusema kweli sikukubaliana naye. Kioo hakikuwa na ufa. Sauti ilikuwa nzuri. Nilichokuwa nakiona ni kifaa kizima kilicholemewa. Ndipo nikamwambia mwanangu wa pili, aliyekuwa nyumbani akisubiri chuo: baba, ziwa limefungwa, wewe hujaanza masomo, tukae na hiki kitu mpaka tujue kinaumwa nini.

Tulianza na kilichokuwa kinatusumbua macho. Kulikuwa na programu tatu zinazojiita za kusafisha na kuongeza kasi, kila moja na mchoro wake wa roketi au ufagio. Nilizipakua mwenyewe kwa nyakati tofauti, kila nilipoona kifaa kinazidi kuwa kizito. Unabonyeza, roketi inaruka, unaambiwa umeokoa kiasi kadhaa cha RAM, na baada ya muda mfupi uko palepale. Kijana wangu akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Android yenyewe ndiyo inayoamua kipi kikae kwenye RAM na kipi kitoke, na inaacha programu ulizotumia karibuni zikae humo makusudi, ili ukizirudia zifunguke haraka. Ukizifukuza kwa nguvu, ukizihitaji tena zinaanza upya kabisa, zikila umeme na muda. Na wale wafukuzaji wenyewe hawalali: wanabaki wakifanya kazi nyuma ya kioo saa zote na kuvuta matangazo kwa bando lako. Tukaziondoa zote tatu. Siku hiyohiyo kishikwambi kilipumua. Kwa hiyo ukinikuta njiani ukaniuliza uanzie wapi, nitakwambia uanzie hapo, jioni hii, kabla hujatumia hata shilingi.

Kisha tukafungua sehemu ya hifadhi, na hapo nilishtuka. Gigabaiti 16 za kwenye boksi si 16 za mkononi, maana mfumo wenyewe hukalia sehemu yake. Mimi nilikuwa nabaki kama na 10. Katika hizo 10, zilizokuwa wazi hazikufika hata nusu gigabaiti. Zaidi ya gigabaiti 4 zilikuwa za WhatsApp: video za harusi za watu nisiowafahamu, mahubiri, salamu za asubuhi zenye maua, na picha ileile ya tangazo la msiba iliyoingia kutoka kwenye makundi matano. Sikuwahi kubonyeza kupakua hata moja. Zilikuwa zinajipakua zenyewe, kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba mpangilio huo unazimwa.

Nilidhani hifadhi kujaa maana yake ni kukosa nafasi ya picha mpya, basi. Kumbe inaathiri mwendo wa kifaa chote. Chipu ya kuhifadhia haiwezi kuandika juu ya maandishi ya zamani kama mwalimu anavyoandika ubaoni. Ni lazima ifute eneo zima kwanza, na ndani ya eneo hilo kuna vitu bado vinahitajika, kwa hiyo inavihamishia pengine, inafuta, ndipo inaandika. Mtu wa chanja anaelewa hili bila kuchorewa. Ukiwa na chanja kumi, na saba tu ndizo zimejaa, mzigo mbichi ukiingia unautandaza mara moja. Zikijaa zote kumi, kila beseni jipya ni kazi: uhamishe waliokauka nusu, uwabananishe, upate kipande cha nafasi, umwage, na kesho uanze tena. Kishikwambi changu kilikuwa kinafanya kazi hiyo kila nilipoandika jina la mteja mmoja. Tangu siku hiyo siruhusu nafasi iliyo wazi ishuke chini ya gigabaiti 3. Ikikaribia, nasimama na kuondoa kitu kabla ya kuendelea.

WhatsApp tukaihamishia kwenye simu. Facebook tukaitoa. Michezo minne ya watoto nayo ikaenda, na hapo palikuwa na machozi kidogo, lakini nilishaanza kuona ugonjwa wenyewe. Kile kifaa kilikuwa kimebebeshwa kazi za watu wanne: karani wangu, redio ya nyumba, mchezo wa watoto na baraza la ukoo. Mwaka 2017 kiliweza. Sasa programu zote hizo zimenenepa kwa masasisho ya miaka saba, na RAM ni ileile gigabaiti 2. Nikaamua mchana kitakuwa karani, usiku kitakuwa kitabu cha watoto. Kingine chochote kitafutiwe mahali pake.

Uamuzi huo ulinisaidia kugundua kitu ambacho hakuna fundi angekiona. Daftari langu la madeni lilikuwa jedwali moja tangu 2017. Kila beseni, kila gunia, kila marejesho ya kikundi chetu cha akina mama, yote kwenye ukurasa mmoja unaoteremka bila mwisho, na katikati nilikuwa nimebandika picha za risiti. Jedwali la namna hiyo lingekitesa hata kifaa cha jana. Tukaligawa mwaka kwa mwaka, picha tukazitoa tukaziweka kwenye folda yake, na la 2024 tukaliacha na majina ya wanaodaiwa tu. Kabla hatujagusa kitu kingine, daftari lililokuwa linachukua dakika mbili lilifunguka kwa kama sekunde ishirini. Nilimwita mama mkwe aje aone.

Sasa nifike kwenye kadi ya kumbukumbu, jambo ambalo mpaka leo linaniuma.

Mwaka 2020, nafasi ilipoanza kubana, nilinunua kadi kwenye meza ya barabarani. Imeandikwa gigabaiti 64, bei shilingi 10,000. Nikafurahi, nikahamishia picha zote. Mwaka uliofuata nikamketisha mama yangu mzazi pale Ujiji, nikamrekodi akisimulia alivyopanda MV Liemba akiwa msichana, kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, na madumu ya mawese ya shangazi yake. Ilikuwa sauti ya karibu saa nzima. Nikaihifadhi kwenye kadi ile.

Tulipokuja kuisafisha mwaka 2024, jina la faili lilikuwepo, tarehe ilikuwepo, na hata ukubwa wake uliandikwa. Ukibonyeza, kimya. Picha nazo nyingi zilikuwa nusu picha na nusu kijivu. Fundi akaichomeka kwenye kompyuta yake, akaijaza kwa programu ya kupima kadi, akaniambia: "Mama, hii ni ya gigabaiti 8." Kadi bandia hutengenezwa hivyo. Chipu ndani ni ndogo, lakini inafundishwa kujitangaza kuwa ni kubwa. Mpaka ujaze kile kiasi chake cha kweli, inafanya kazi vizuri na wewe unaiamini. Ukivuka hapo, inaendelea kupokea, inaorodhesha majina, lakini vilivyomo havihifadhiwi popote au vinaandikwa juu ya vingine. Mimi nilivuka mpaka huo bila kujua, na sauti ya mama ilikuwa upande wa pili.

Fundi alijaribu siku mbili kuvuta kilichopo. Alipata picha kadhaa za watoto. Sauti hakuipata.

Kwa hiyo kadi nikisema nasema kwa uchungu. Ukinunua mpya, usiiwekee kitu cha thamani siku hiyo. Ijaze kwanza mpaka mwisho kwa video za ovyo, kisha ufungue za mwanzoni, za katikati na za mwishoni, uone kama zinacheza. Ikishindwa, irudishe siku hiyohiyo muuzaji akiwa bado anakukumbuka. Niliyonayo sasa ni ya gigabaiti 32, nimeinunua dukani kwa risiti, na ina alama ya A1. Alama hiyo inamaanisha inamudu kusoma angalau mara 1,500 na kuandika mara 500 kwa sekunde katika vipande vidogovidogo, na hivyo ndivyo programu zinavyosoma na kuandika. Hata hivyo sihamishii programu kwenye kadi. Kadi inabeba picha, vitabu na sauti tu. Programu zikikaa kwenye kadi, kila ukizifungua unasubiri mwendo wa kadi, na siku kadi ikichomolewa zinapotea kwenye kioo.

Baada ya hapo tulikubaliana kukifuta chote kianze upya kama siku kilipotoka kiwandani. Nilitaka tufanye jioni ileile. Fundi akanizuia: "Akaunti ya Google ya humu, unalijua neno lake la siri?" Sikulijua. Kijana wa duka la Kariakoo ndiye aliyeifungua mwaka 2017 kwa jina langu, akaandika neno la siri kwenye boksi, na boksi lilishawashiwa jiko. Fundi akanieleza kwamba tangu Android 5.1 kuna ulinzi dhidi ya wezi: ukikifuta kifaa kwa vitufe vya pembeni kabla ya kuiondoa akaunti, kikiwaka kinadai akaunti ileile, na bila neno la siri kinabaki kipande cha kioo. Tena namba za wateja wangu wote wa Dar es Salaam na Tabora zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya akaunti hiyo.

Ikabidi kuirudisha. Namba ya simu iliyounganishwa nayo ilikuwa ya laini niliyoipoteza pamoja na simu. Nikaenda kuirudisha laini, nikataja namba ya NIDA, nikaweka kidole, na kwa bahati namba ilikuwa haijapewa mtu mwingine. Ujumbe wa kuthibitisha ukaingia, nikaweka neno jipya la siri, nikaliandika kwenye daftari la karatasi linalokaa sandukuni pamoja na hati ya kiwanja. Kazi hiyo ilikula siku nne, na kufuta kwenyewe kulichukua dakika kumi tu. Kama wewe kifaa chako kilifunguliwa na mtu wa dukani, nakusihi uangalie leo kama akaunti ni yako na unaijua, hata kama huna mpango wa kufuta chochote.

Kilipowaka upya tulikuwa wagumu. Hatukuweka kitu kwa sababu kilikuwepo zamani. Kila kimoja kilitaja kazi yake kwanza. Jedwali, kamera, kisoma vitabu, kinasa sauti, na Kiwix ya kusomea Wikipedia bila mtandao. Zile zilizokuja nacho kutoka kiwandani na hazitoki, tukazizima moja moja kwenye Mipangilio. Usawazishaji wa kila saa tukaufunga, nikawa nausukuma mwenyewe jioni nikiwa na bando. Kisha kijana akafanya jambo dogo lililonifurahisha: akaingia sehemu ya Kuhusu, akagonga nambari ya muundo mara 7, zikafunguka chaguo za wasanidi programu, akashusha zile mbwembwe za madirisha kuteleza na kufifia kutoka 1 hadi 0.5. Kifaa hakipati nguvu mpya kwa hilo, ila kinaacha kupoteza muda kwenye kujipamba, na mkono unahisi tofauti.

Kilianza kuwaka kwa dakika moja na kidogo. Daftari likafunguka kwa sekunde sita.

Kuna mpaka mmoja nimeuweka na siuvuki. Kifaa ambacho mfumo wake hausasishwi tena hakipati viraka vya usalama. Kivinjari cha Chrome nacho, kuanzia toleo la 139 la Agosti 2025, kinataka Android 10 kwenda mbele, kwa hiyo changu kimebaki na toleo la 138. Kusoma kinasoma. Lakini pesa za simu, benki na neno la siri lolote lenye pesa nyuma yake, hivyo vyote viko kwenye simu inayosasishwa. Akina mama wenzangu kwenye kikundi waliniona namzuia mtu asifungue akaunti yake ya benki kwenye kishikwambi changu wakadhani nina wivu nacho. Nilimweleza, akaelewa.

Betri ilitufundisha mengine. Umeme wa mji wetu kwa miaka mingi ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na ulivyokuwa unakatika, sote tulizoea tabia moja: ukirudi tu, chomeka kila kitu, na uache kimechomekwa mpaka asubuhi, maana hujui kesho. Mimi nilichaji usiku kucha, chini ya bati, kishikwambi kikiwa ndani ya kava lake nene la ngozi. Betri ya lithiamu inachoshwa zaidi na joto, na kukaa imejaa pomoni kwa muda mrefu. Nilikuwa naipa vyote viwili kila usiku kwa miaka saba. Fundi alipokifungua, betri ilikuwa imevimba, imeanza kusukuma kioo juu upande mmoja. Akanionya kwamba betri ya namna hiyo haibonyezwi wala haitobolewi, inaweza kushika moto; akaitoa taratibu, akaweka nyingine kwa shilingi 45,000. Hiyo ndiyo pesa kubwa pekee iliyotutoka pamoja na kadi. Sasa nakichomeka jioni nikiwa macho, navua kava, nakitoa kikifika kama asilimia 80, na sikiachi kishuke chini ya 20.

Chaja pia ilikuwa inanidanganya. Nilikuwa natumia ya simu ndogo, haifiki hata ampea moja, na kishikwambi kinataka ampea 2. Ukikitumia huku kimechomekwa asilimia zinashuka, na mimi nikawa nalaumu betri. Maandishi madogo mgongoni mwa chaja yanasema yote; nimeyasoma kwa kioo cha kukuzia cha mama mkwe. Tundu la kuchajia lilikuwa limejaa mchanga wa ufukweni na magamba ya samaki yaliyokauka pamoja na vumbi la kitambaa. Kijana alilichokonoa kwa kijiti cha mti cha kuchokolea meno, kifaa kikiwa kimezimwa, na waya ukaacha kulegea.

Mwaloni nako kuna adabu yake. Jua la saa nne likikipiga, chipu hujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua, na wewe unadhani uzee umerudi. Nakiweka kwenye beseni tupu, nafunika kwa kitenge, nakitoa kwa kazi. Na mkono wenye mafuta ya dagaa kioo hakiuelewi: unagusa hapa, kinafungua pale. Kitambaa kikavu kiko begani mwangu siku zote.

Usiku ni zamu ya watoto. Kiwix inafungua Wikipedia ya Kiswahili nzima bila bando, imo kwenye kadi, na binti yangu wa darasa la sita husoma mambo ya volkano na nyota mpaka namnyang'anya. Vitabu vya kiada tumevipata kwenye maktaba ya mtandao ya Taasisi ya Elimu, na mitihani ya zamani tumeipakua. Jambo moja tulilojifunza hapo ni kwamba vitabu vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa ni vizito mno kwa kifaa cha zamani. Kila ukifunua unasubiri. Vyenye maandishi halisi vinafunuka kama karatasi. Kabla ya kulalamika kuwa kifaa ni kizito, jaribu kitabu kingine.

Ziwa lilifunguliwa tarehe 15 Agosti. Siwezi kueleza furaha ya taa zile kurudi majini usiku, utadhani kuna mji mwingine umejengwa kule katikati. Yule baba wa Kalemie alikuja wiki ya pili, akauliza swali lake, nikamjibu kabla hajamaliza kushusha mfuko wake begani. Akainama kutazama kioo. "Umenunua mpya?" Nikamwambia ni kilekile.

Mwezi ulipokuwa mpevu, wavuvi wakapumzika, maana kwenye mbalamwezi dagaa hawafuati taa. Nikachukua kishikwambi nikaenda Ujiji. Mama nilikuwa nimeshamweleza kwamba sauti ya kwanza ilipotea. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi washa." Nikamketisha chini ya mwembe, nikaweka kifaa kwenye kigoda, juu ya khanga, kisipokee mtikisiko.

Akaanza kama mara ile, na Liemba yake, meli iliyozamishwa mwaka 1916 na kuibuliwa 1924, ambayo babu yake alikuwa akiwasimulia kabla hajaiona kwa macho. Akaeleza jinsi ilivyokuwa ikisimama mbali na vijiji, mitumbwi ikaja kuizunguka, watu na mbuzi na vikapu wakapandishwa ubavuni gizani. Madumu ya mawese yakawa kumi na mawili, zamani alisema kumi. Halafu akafika mahali ambapo mara ya kwanza hakufika. Akamtaja mdogo wake wa kike, aliyesafiri naye, aliyeugua njiani na kuzikwa huko huko Zambia. Sikuwahi kujua kwamba mama alikuwa na mdogo wa kike. Nilitazama kioo, zile sekunde zilikuwa zinaendelea kuhesabu, nafasi ilikuwepo, betri ilikuwa asilimia 71, nikaacha kutazama nikamsikiliza.

Ilikuwa saa moja na dakika kumi na tatu. Usiku huohuo niliinakili kwenye kadi mpya, kwenye simu ya kijana wangu, na asubuhi yake nikapita Mwanga kwa fundi aniwekee kwenye kompyuta yake. Kila mahali niliibonyeza, nikasikiliza mpaka pale anapomtaja mdogo wake, ndipo nikaondoka.